Mjomba wa Chumba cha Kwanza

Mtaani walimwita Bwana Soli. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, kwa sababu mtu pekee aliyelitumia alikuwa mkewe, na mkewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Kibanda chake kilijibanza ubavuni mwa ofisi ya posta, chembamba kiasi kwamba akitaka kunyoosha miguu ilimbidi anyooshe mmoja mmoja. Humo alikuwa amekaa miaka thelathini na minne akibandika soli, akibadilisha visigino na kukaripia watu wanaovaa viatu vya ngozi kwenye mvua. Ukisimama mbele yake alikutazama miguuni kwanza. Usoni alifika baadaye, akipata nafasi.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, mfamasia, naye binti alikuwa amepata mchumba, kijana mchora ramani za majengo. Kijana huyo aliwahi kufika kibandani mara moja. Bwana Soli alimpokea viatu, akavigeuza, akaona soli zimelika sawasawa pande zote mbili, akamwambia binti yake jioni ile kwamba kijana hana neno. Wazazi wa kijana ndio alikuwa hajawaona.

"Baba, Jumamosi saa saba mchana wametualika chakula," binti alimwambia. "Wamechagua mahali pa sushi, kule kwenye nyumba mpya."

"Sushi ndiyo nini?"

"Wali na samaki."

"Si waseme wali na samaki."

"Samaki mwenyewe ni mbichi, Baba."

Bwana Soli akafikiri kidogo. "Hawana moto?"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akampa maelekezo kama anayempa mgonjwa dawa. Mama wa kijana ni nesi mstaafu. Baba yake ni mtu mpole, haongei sana, asimchukulie vibaya. Yeye binti angetoka kazini moja kwa moja, kwa hiyo Baba akitangulia amwambie dada wa mapokezi kwamba ni mgeni wa familia, ataoneshwa chumba, akae, asiogope.

"Niogope nini? Wali?"

Lakini alifika nusu saa kabla ya wakati, na woga ulikuwa umetangulia kufika. Ulikuwa mtaa wa kuta nyeupe na miti iliyopandwa kwa kamba, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake. Mkahawa ulikuwa na mlango wa mbao usio na kitasa. Bwana Soli akausukuma, haukwenda. Akauvuta kwa ncha za vidole, haukuja. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni ukuta wakati msichana mmoja alipotokea akiutelezesha pembeni, na ndani wapishi wote wakapaza sauti kwa pamoja kumkaribisha kwa lugha asiyoijua. Akageuka nyuma aone ni nani mheshimiwa anayeingia. Hapakuwa na mtu.

"Mzee, ni mgeni wa familia?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Ndiye mimi."

"Ile inayomsubiri mgeni?"

"Hiyohiyo. Ananisubiri nani mwingine?"

Akapelekwa kwenye ukumbi mwembamba wenye vyumba viwili, kila kimoja na mlango wa karatasi nyeupe, na kuambiwa avue viatu. Hapo akapata faraja kidogo, maana sasa alikuwa kwenye fani yake. Chini ya mlango wa kwanza palikuwa na jozi tatu. Moja ya mwanamume mkubwa, anayeburuta kisigino. Moja ya mwanamke kijana mwenye haraka. Na ya tatu ilikuwa viatu bapa vya mwanamke mzee, vimechanwa pembeni kwa wembe ili mguu uliovimba upate pa kupumulia. Bwana Soli akatikisa kichwa kwa kuelewa. Nani anayevimba miguu kama si nesi, mtu aliyesimama wodini maisha yake yote? Basi amefika penyewe.

Dada akautelezesha mlango. "Mgeni wenu amefika."

Watu watatu walikuwa wamekaa chini kuzunguka meza fupi: bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwanamke mwenye miwani, na mwanamume mkubwa ambaye hakujua aiweke wapi mikono yake. Kisha yule wa miwani akainuka, macho yameshaanza kulowa, akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bwana Soli, na papo hapo akajiuliza mjomba imetoka wapi. Alitegemea baba, au mzee, au mkwe. Akajiambia huenda ndivyo wanavyoitana kwao. Kila nyumba na mambo yake, na mgeni kazi yake ni kuitikia.

"Huyu ni mume wangu," yule wa miwani aliendelea. "Kaka yangu yuko njiani, amekwama kwenye foleni. Ametuambia tuanze."

Kaka. Huyo ndiye mchumba, Bwana Soli alijiwekea akilini, na binti yangu na baba mpole bila shaka wako naye. Kila kitu kikakaa mahali pake isipokuwa yeye mwenyewe, kwa sababu meza ilikuwa na shimo chini yake la kuingizia miguu, naye alikuwa ameshajikunja kama mkeka kabla ya mwanamume mkubwa kumwonesha kwa kidole.

Bibi alikuwa hajamtazama sawasawa. Alikuwa amegeuza uso kidogo pembeni, kama watu wanaosikiliza mlango, na Bwana Soli akaona ukungu uliotanda kwenye macho yake yote mawili.

"Sogea hapa karibu yangu," bibi alisema. "Macho yangu yananiibia. Naona umbo tu." Akampapasa begani, akamshika sikio, akaliachia. "Umekonda."

"Ndiyo mwili wangu, mama."

Bibi akashtuka kidogo. "Unaniita mama sasa?"

Bwana Soli akaona ameharibu. "Samahani. Nikuiteje?"

"Niite hivyohivyo," alisema bibi. "Ni kweli, mimi ndiye niliyebaki wa kuitwa hivyo."

Vikaja vitambaa vyeupe, vimekunjwa vizuri, vinatoa mvuke. Bwana Soli alikuwa ameshaangalia pa kuking'atia chake alipoona wenzake wanajifutia mikono. Akajifuta na yeye, akajifuta na shingo, kwa kuwa alihitaji. Kikaja kibao cha mbao chenye matonge madogo ya wali, kila tonge limelaziwa kipande cha samaki mgongoni, mengine mekundu, mengine meupe yenye mistari. Mengine yalikuwa yamefungwa na kitu cheusi alichoambiwa kuwa ni mwani. Jambo moja lilimwendea vizuri: vijiti. Mkono uliozoea kupitisha uzi wenye nta kwenye tundu asiloliona hauwezi kushindwa na vijiti viwili. Mwanamume mkubwa, aliyekuwa ameshadondosha tonge mara mbili, alimwangalia kwa heshima.

"Mjomba umezoea haya," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Sijawahi kuyaona."

"Mama anasema zamani ulikuwa huna staha mezani hata kidogo," alisema mwanamke wa miwani, akitabasamu.

Bwana Soli akasitisha mkono hewani. Zamani ipi? Huyu bibi alimwona wapi akila? Akafukua kumbukumbu zake zote, akatoka mikono mitupu. Akatabasamu tu. Asiyejua aendako, njia yoyote humpeleka, na tabasamu ilikuwa njia ya karibu zaidi.

"Nilitaka tule kwanza ndipo tuseme," bibi alisema. Alikuwa hajagusa chakula. "Lakini nimeona nisipoanza kusema sitakula. Naomba mnisikilize wote, na wewe zaidi. Mama alikuulizia mpaka mwisho."

Vijiti vikamtoka Bwana Soli mkononi.

"Alikuulizia mpaka pumzi ya mwisho," bibi aliendelea. "Kila mlango ukilia alisema, ndiye huyo? Na mimi nilikuwa na uwezo wa kukuita, sikukuita. Nilikuwa na hasira na wewe."

Sasa lazima ielezwe jinsi mke wa Bwana Soli alivyokufa, maana bila hilo kilichotokea mezani pale hakieleweki. Alilazwa wiki tatu katika hospitali ya rufaa, wodi ya wanawake. Mumewe alilala kwenye benchi la ukumbini wiki zote tatu. Asubuhi ya mwisho mkewe alimwambia amepata nafuu, aende akafungue kibanda, kuna viatu vya harusi vya mteja vilivyokuwa vinangoja. Akaenda. Akashona. Aliporudi saa tisa alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, mtu hayupo. Simu yake ilikuwa mfukoni siku nzima, na hakuna aliyempigia. Tangu siku hiyo alikuwa amebeba hasira ndogo, ngumu, juu ya watu wa wodi ile. Hakuwahi kumwambia mtu. Kuna nesi, alijiambia kila siku kwa miaka sita, aliyekuwepo pale, aliyekuwa na namba yangu, na hakunyanyua simu.

Na sasa nesi mstaafu, ambaye wodini humwita kila mgonjwa wa kike mama, alikuwa amekaa mbele yake akisema: nilikuwa na uwezo wa kukuita, sikukuita.

"Ni wewe?" aliuliza Bwana Soli. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Ni mimi. Nani mwingine?"

"Hasira ya nini, mama? Nilikukosea nini?"

"Uliondoka. Ukatuachia mgonjwa, ukaenda kwenye kazi zako."

Nalo lilikuwa kweli. Alikuwa ameondoka, akaenda kwenye kazi zake. Bwana Soli hakujua ashike lipi aache lipi. Kwa kutafuta la kufanya na mikono akachota kwa ncha ya kijiti kile kilima kidogo cha kijani kilichokuwa pembeni ya kibao, ambacho tangu mwanzo alikidhania kuwa ni parachichi lililopondwa, akakitia chote kinywani.

Moto haukuishia mdomoni. Ulipanda puani, ukaingia nyuma ya macho, ukagonga utosi. Machozi yakamshuka mashavu yote mawili. Alijaribu kusema hapana, ni chakula, lakini koo lilikuwa limefungwa. Mwanamke wa miwani alipomwona analia akaangua kilio. Mume wake akageukia ukuta. Bibi, aliyekuwa haoni lakini anasikia, akanyoosha mkono, akaugusa uso wake, na kukuta umelowa.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nisamehe kabla sijafa."

Na hapa Bwana Soli mwenyewe hakuweza baadaye kueleza vizuri. Kile kitu cha kijani kilikuwa kimeshapoa. Koo limefunguka. Angeweza kunyamaza, na machozi yangekauka yenyewe. Lakini yaliendelea, na haya sasa yalikuwa yake.

"Yameisha, mama," alisema. "Nimekusamehe. Toka moyoni."

Walikaa hivyo, mkono wa bibi shavuni kwake, na samaki wanawatazama. Simu ndiyo iliyowaamsha.

"Baba, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya binti yake. "Tumeshakaa wote, tunakusubiri wewe tu."

"Nipo hapa mezani."

"Meza gani?"

"Ya sushi. Nipo na mama mkwe wako. Tunalia."

"Baba, mama mkwe yupo hapa mbele yangu. Anakula."

Bwana Soli akateremsha simu taratibu. Akawatazama watu watatu waliokuwa wakimtazama, au wawili wakimtazama na mmoja akimsikiliza. Kwenye ukuta wa karatasi uliotenganisha vyumba viwili, upande wa pili, kulikuwa na kivuli cha msichana aliyesimama na simu sikioni.

"Naomba niulize," alisema. "Nyinyi mnamsubiri nani?"

"Mjomba wetu," alijibu mwanamke wa miwani. Uso ulikuwa umeshaanza kumbadilika. "Mdogo wake Mama. Hawajaonana miaka ishirini na sita, tangu alipokuja akakuta bibi yetu ameshazikwa. Nilimpata kwa simu mwezi uliopita. Akakubali kuja leo."

"Mimi siye," alisema Bwana Soli. "Mimi ni fundi viatu. Nimekuja kuonana na wakwe."

Angependa ardhi ipasuke, lakini chini yake tayari palikuwa na shimo na lilikuwa halimsaidii. Akaanza kuomba radhi. Aliomba kwa bibi, kwa mwanamke wa miwani, kwa mume, hata kwa mhudumu aliyeingia na supu akatoka nayo. Alieleza habari za mkewe, wodi, viatu vya harusi, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuchanganyika.

Bibi aliinua mkono kumnyamazisha.

"Kwa hiyo maneno niliyoyatafuta miaka ishirini na sita," alisema polepole, "nimempa fundi viatu."

"Hukunipa bure, mama. Yamenifaa."

"Na ulivyosema umenisamehe, ulikuwa unasema kwa ajili yangu au kwa ajili ya huyo nesi wako?"

Bwana Soli alitafuta jibu la kweli. "Sijui," alisema. "Wakati nasema, mlikuwa mtu mmoja."

Bibi akatikisa kichwa, akachukua kitambaa kilichopoa, akajifuta uso. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyeteremsha mzigo akaambiwa si hapa, ni nyumba ya pili.

"Nenda kwa wakwe zako," alisema. "Huyo mdogo wangu hatakuja. Ningekuwa yeye nisingekuja."

Bwana Soli alitoka kinyumenyume, akaufunga mlango wa karatasi. Pale ukumbini, kwenye benchi fupi la kuvulia viatu, alikuwa amekaa mwanamume wa umri wake, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine kiko mguuni. Bwana Soli akaangalia miguuni, kama kawaida. Viatu vipya. Karatasi ya bei ilikuwa bado imenata chini ya soli ya kile kilichovuliwa. Mtu alikuwa amenunua viatu kwa ajili ya siku moja, kisha akakaa navyo nje ya mlango. Kisha akainua macho, akayaona masikio yaliyosimama mbali na kichwa, mapana, sawa na ya bibi aliyemwacha ndani.

"Umekaa hapa muda mrefu?" aliuliza.

"Kidogo," alijibu yule mwanamume. Baada ya muda akaongeza, "Tangu saa saba kasorobo. Nimemwambia dada wa mlangoni kuna mtu namsubiri." Akakitazama chumba. "Nimesikia watu wanalia humo ndani. Nikaona labda nimefika kwenye msiba mwingine."

"Ni dada yako analia."

Mwanamume akamtazama kwa mashaka. "Wewe ni nani kwao?"

Bwana Soli akaonesha mlango wa karatasi kwa kidole. "Nilikukalia nafasi yako kwa muda," alisema. "Bila kukusudia. Chakula chako kimebaki, isipokuwa kile cha kijani, hicho nimekimaliza."

Alitaka kumwambia yote: kwamba ameombwa msamaha, kwamba msamaha umeshatolewa. Lakini maneno yalifika kwenye ulimi yakasita. Yalikuwa ya bibi, na yalikuwa ya mtu huyu, na yeye alikuwa ameshayachezea vya kutosha kwa siku moja. Akainama, kwa mazoea ya miaka thelathini na minne, akaufungua ule mguu uliobaki, kamba kwa kamba, akakitoa kiatu na kukipanga karibu na vile vilivyochanwa kwa wembe.

"Ingia tu," alisema. "Sogea karibu naye, haoni vizuri."

Mwanamume alisimama na soksi. Kisha akautelezesha mlango, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake. Bwana Soli alisubiri asikie kitu. Hakusikia hata sauti ya kijiko.

Chumba cha pili kilikuwa na watu wa kweli waliomsubiri: binti yake, mchumba, baba mpole, na mama mnene mchangamfu aliyeyatazama macho yake mekundu. Walisalimiana. Walimpa nafasi. Maongezi yalikwenda kwa kusuasua, mvua imekuwaje mwaka huu, foleni ikoje, na Bwana Soli alijibu la mvua alipoulizwa la foleni.

"Umeshawahi kula sushi, baba?" mchumba alimsaidia.

"Mara moja."

"Lini?"

"Leo."

Binti yake akamkanyaga kidogo chini ya meza. Lakini Bwana Soli alikuwa amemgeukia mama wa kijana.

"Mkwe, samahani kwa swali. Ulipokuwa nesi, uliwahi kufanya kazi wodi ya wanawake, kwenye hospitali ya rufaa?"

"Kamwe," alisema. "Miaka yangu yote nilikuwa na watoto wachanga. Kwa nini?"

Akamweleza. Alieleza mbele ya wote, jambo ambalo hata binti yake alikuwa hajawahi kulisikia: kitanda kilichotandikwa, simu isiyolia, hasira. Binti aliacha kula. Mama wa kijana aliweka vijiti chini.

"Sijui ilikuwaje siku hiyo," alisema. "Nitakuwa mwongo nikisema najua. Lakini nimeona watu wakiondoka wakati nesi amegeuka kuchukua pamba. Unageuka, unarudi, ameenda. Halafu mwingine anakuita kitanda cha pembeni. Kuna simu ambazo mimi mwenyewe sikupiga. Si kwa ubaya. Mchana uliisha tu." Akainua tonge, akaliweka kwenye sahani ya Bwana Soli. "Kuna watu hunijia usingizini kwa sababu ya simu hizo."

Bwana Soli alilitazama lile tonge muda mrefu. Alijaribu kuitafuta hasira yake ili aone kama maneno haya yameigusa, akakuta mahali pake patupu. Labda iliondoka kule chumba cha kwanza. Labda ilikuwa imebaki kwa bibi wa watu, pamoja na msamaha usio wake. Hakujua, na aliona aibu kuuliza.

Akala. Baba mpole akammiminia chai na kusema, "Mimi huwa naagiza ya kuku." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote siku hiyo.

Walipotoka saa kumi, mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa wazi na msichana alikuwa akifuta meza. Bwana Soli akachelewa nyuma ya wenzake.

"Waliokuwa hapa wameondokaje?"

"Wote pamoja, mzee. Kaka mmoja aliwafuata baadaye, wakawa watano."

"Walikuwa wanalia au wanacheka?"

Msichana akafikiri, kitambaa mkononi. "Nilishindwa kutofautisha," alisema. "Ila walimaliza chakula chote, wakaongeza."

Garini, binti aliendesha mpaka taa za barabarani za kwanza. Baba yake alikuwa ameegemea dirisha, viganja juu ya magoti, akitazama miti iliyofungwa kwenye vijiti ikipita mmoja mmoja.

"Kwa hiyo, Baba," alisema binti, "umewaonaje?"

Bwana Soli akageuka. Alitaka kumjibu vizuri, kwa kuwa lilikuwa jambo la maana na mtoto alikuwa amesubiri kwa hamu.

"Wepi?" aliuliza.